Hetty Sorrel: Aliharibika, au Aliharibiwa?

Katika lugha ya Kiswahili silabi moja yaweza kubeba hukumu nzima. Mtu asemapo, "Binti yule ameharibika," jambo husemwa kana kwamba limetokea lenyewe, kama maziwa yachachavyo au kamba ikatikavyo kwa uzee. Lakini asemapo, "Binti yule ameharibiwa," mara msikiaji huuliza, "Na nani?" Wenye kufundisha sarufi huiita ile ya kwanza kauli ya kutendeka, na hii ya pili kauli ya kutendwa, na mtoto wa shule huzitofautisha katika daftari yake bila shida. Hata hivyo, wasichana wanaposemwa barazani, twaona ya kuwa kauli ya kutendeka ndiyo itumikayo zaidi; labda kwa sababu haidai jina la mtu wa pili.

Tulikumbuka jambo hili tulipokuwa tukisoma tena hadithi ya Kiingereza iitwayo Adam Bede, iliyotolewa mwaka 1859. Mtungaji wake alijiita George Eliot, lakini jina lake hasa lilikuwa Mary Ann Evans, naye alizaliwa mwaka 1819 katika jimbo la Warwickshire, akafa London mwaka 1880. Mbegu ya hadithi aliipata kwa mke wa ami yake, Elizabeth Evans, aliyekuwa mhubiri wa Wamethodisti. Mama huyo alimsimulia jinsi mwaka 1802, katika gereza la Nottingham, alivyokesha na mwanamke mmjoja aitwaye Mary Voce, aliyehukumiwa kufa kwa kumwua mtoto wake, na jinsi alivyofuatana naye mpaka mahali pa kunyongwa. Mtungaji alilihifadhi neno hilo moyoni miaka mingi, na alipoliandika lilizaa kitabu kikubwa, chenye seremala mwema, mhubiri wa kike, kasisi mpole, mwalimu wa shule ya usiku, na katikati yao msichana wa miaka kumi na saba aliyependa, akapotea.

Ni rahisi kukisoma kisa cha msichana huyo kama onyo. Alikuwa mzuri wa sura, akajipenda. Akapendwa na kijana wa cheo, akajisahau. Akajificha, akaua, akahukumiwa. Mwalimu afunga kitabu na kuwaambia wasichana, "Mmeona." Sisi twadhani kusoma hivyo ni kukisoma kitabu kwa kauli ya kutendeka tupu. Twataka kuonyesha ya kuwa hadithi yenyewe yasema neno jingine, tena zito zaidi, na ya kuwa neno hilo lawahusu makasisi na walimu kuliko lavyowahusu wasichana.

Kwanza yafaa tukisimulie kisa kwa kifupi, kwa ajili ya wasomaji wetu wasio nacho kitabu. Mambo yaanza mwaka 1799 katika kijiji cha Hayslope, ambacho ni cha kubuniwa. Hetty Sorrel ni yatima, akaa kwa mjomba wake, Bwana Martin Poyser, mkulima apangaye shamba la bwana mkubwa wa nchi ile. Kazi yake ni katika chumba cha maziwa, kutengeneza siagi. Adam Bede, seremala hodari, ampenda kwa moyo wote, wala mjomba hana neno. Lakini Arthur Donnithorne, kapteni wa askari wa jimbo na mjukuu wa yule bwana mkubwa, aja kumtazama akisukasuka maziwa, kisha akutana naye katika msitu, kisha ampa herini za thamani na kidani cha dhahabu. Adam awafumania wakibusiana. Wapigana, na Arthur, kwa kushurutishwa na Adam, amwandikia Hetty barua ya kumwambia kwamba haiwezekani waoane. Aondoka na kikosi chake. Hetty, kwa kukata tamaa, akubali kuposwa na Adam, hali hajui bado ya kuwa ana mimba. Ajuapo, na ndoa ikaribiapo, atoroka kwenda Windsor kumtafuta Arthur, akuta kikosi kimekwisha hamia Ireland. Arudi nyuma bila kujua aendako. Azaa katika nyumba ya mwanamke asiyemjua. Siku ya pili yake achukua mtoto mpaka msituni, amlaza katika shimo chini ya mti, amfunika kwa majani na vibanzi vya miti. Mtoto afa. Hetty ashikwa, ahukumiwa kunyongwa. Na dakika ya mwisho Arthur aja mbio juu ya farasi na hati ya kumwokoa na kifo. Hukumu yageuzwa kuwa kuhamishwa ng'ambo ya bahari.

Watu wa wakati ule hawakukiona kisa cha namna hii kuwa kigeni. Tangu mwaka 1624 sheria ya Uingereza ilisema kwamba mwanamke asiye na mume akificha kifo cha mtoto wake mchanga, ahesabiwe kuwa amemwua, isipokuwa aweze kuleta shahidi ya kuwa mtoto alizaliwa amekufa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1803 tu. Maana yake ni kwamba kule kuficha kwenyewe, ambako aibu ndiyo iliyokufundisha, ndiko sheria ilikokufanya kuwa ushahidi wa kuua. Jamii ilimwambia msichana, "Jifiche," kisha ikamwambia, "Kwa kuwa umejificha, utakufa."

Basi, ni nani aliyemharibu Hetty? Msomaji wa haraka atajibu, "Arthur, aliyemdanganya." Lakini tukitazama vema twaona jambo la ajabu. Katika kitabu hiki hatumwoni Arthur akimwahidi Hetty ndoa. Hamwambii uongo. Mtu aliyemwambia uongo ni Adam. Maana baada ya kupigana alimwambia ya kuwa lile lilikuwa jambo dogo la kucheza tu. Hivyo tukilitafutia neno "kudanganywa" mtu wa kulibeba katika hadithi hii, ni seremala. Hetty yeye alidanganyika. Aliona kijana mwenye mikono laini, aliyemtazama kama malkia, akajijengea moyoni nyumba kubwa yenye mazulia na mavazi ya hariri, na Arthur hakuivunja nyumba hiyo kwa neno moja la kweli mpaka kweli ilipokuwa imechelewa. Alijua ya kuwa kijana wa cheo chake haoi mtoto wa shamba. Hetty hakujua. Huyo mmoja alikuwa na elimu ya jambo lile, mwingine hakuwa nayo; na mwenye elimu alinyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa kutamu. Basi kosa la Arthur si la ulimi uliosema, bali ni la ulimi uliozuiwa.

Na tukiisha kuliona hilo kwa Arthur, twaanza kuliona kila mahali katika kitabu. Tuitazame sura ya 16. Arthur ameona hatari yake mwenyewe. Asubuhi moja apanda farasi kwenda kwa Kasisi Irwine, aliyemlea kama mwana, akiazimia kumwambia yote, ili azuiwe. Wakaa mezani, wala chakula, wazungumza. Arthur alizungusha neno; auliza habari za mtu ashindanaye na jaribu, kana kwamba aulizia mtu wa mbali. Kasisi si mjinga. Amwuliza kama jambo hilo ni lake. Hata wazo la Hetty lampitia moyoni. Arthur akanusha. Na Kasisi, kwa kuwa ni mtu wa adabu, aliacha jambo hapo, wakazungumza mengine.

Hakuna mauaji katika sura hiyo, wala machozi, wala sauti ya juu. Kuna mkate na kahawa na watu wawili waungwana. Lakini sisi twasema ya kuwa Hetty alipotea pale, katika nyumba ambayo hata hakuwamo. Mtungaji mwenyewe ajua hivyo, maana baadaye, habari mbaya zifikapo, Kasisi aikumbuka asubuhi ile kwa uchungu mkubwa. Jambo la kuangalia ni hili: adabu ya Kasisi ilikuwa adabu ya kumstahi kijana wa cheo. Aliona si vema kumpekua muungwana. Na kama wazo la Hetty lilimpitia, mbona halikumpeleka hatua moja mpaka shambani kwa Poyser? Alipata kumwonya Arthur asimtie msichana yule kiburi. Lakini msichana mwenyewe hatumwoni akimwambia lolote. Katika kitabu kizima wazee wamzungumza Hetty, hawazungumzi na Hetty.

Mke wa mjomba ndiye amwonaye kila siku, naye ana ulimi mkali kuliko wote katika hadithi. Asema ya kuwa moyo wa msichana ni mgumu kama kokoto, naye amkemea kwa kuchelewa, kwa mapambo, kwa kuwasahau watoto. Yote ni ya kazi. Hatumsikii hata mara moja akimketisha na kumwambia habari za wanaume, za mwili wake, na za tofauti ya kutazamwa na kupendwa. Waswahili husema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Mithali hiyo hutumika sana kama kemeo kwa mtoto, lakini kwa maneno yake yenyewe ni shitaka juu ya mafunzo yaliyokosekana. Kwa desturi ya zamani ya pwani yetu, msichana akivunja ungo alipewa somo, yaani mwanamke mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kumfundisha yale ambayo mama huona haya kuyasema. Watu wamebishana sana juu ya mambo yaliyofundishwa humo, na wamisionari wengi waliyaogopa. Lakini desturi yenyewe ilikubali jambo moja ambalo Hayslope haikulikubali: ya kuwa msichana hajui mpaka aambiwe, na ya kuwa lazima awepo mtu anayejulikana, ambaye ni wajibu wake kuambia. Hetty hakuwa na somo.

Wala shule haikumsaidia. Katika sura ya 21 mtungaji atupa picha ya shule ya usiku ya Bartle Massey, nasi hatujui kama kuna mwalimu asiyeipenda. Watu wazima, mmoja akata mawe, mwingine afyatua matofali, mwingine atia nguo rangi, wameinama juu ya vitabu wakishindana na herufi. Na mwalimu yule kiwete, mwenye hasira na moyo wa huruma, awaongoza kwa uvumilivu usio na mwisho. Ni picha nzuri. Lakini Bartle Massey awachukia wanawake, na katika chumba kile hamna msichana hata mmoja. Mtungaji atuambia mahali pengine ya kuwa Hetty hakupata kusoma hadithi yo yote, na kama angaliiona, maneno yangalimshinda. Hata barua ya Arthur aliisoma kwa taabu. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 1891, Thomas Hardy alitoa hadithi ya msichana mwingine wa shamba, Tess, ambaye baada ya kuharibiwa amrudia mama yake na kumwuliza kwa nini hakumwonya, akisema ya kuwa mabibi wa nyumba kubwa wajua la kujilinda kwa kuwa wasoma hadithi. Tess aliweza kuuliza. Hetty hakuwa hata na maneno ya kuulizia.

Huenda msomaji akatuambia ya kuwa Dinah Morris alinena. Ni kweli, nasi twamheshimu. Dinah ndiye yule mhubiri wa kike, jamaa ya Bibi Poyser. Katika sura ya 15 wasichana hao wawili wako katika vyumba viwili vilivyopakana, usiku. Hetty amefunga mlango, amewasha vipande vya mishumaa alivyonunua kwa siri, ajitazama katika kioo kikuukuu chenye madoa, amevaa herini za kioo, ajiona bibi mkubwa. Dinah atazama mashamba kwa dirisha, aomba, moyo wamwenda kwa mwenziwe. Aingia, amwambia ya kuwa taabu ikimpata siku yo yote akumbuke kwamba ana rafiki, Dinah Morris wa Snowfield. Hetty aogopa, alia, amwomba amwache. Maana Dinah alinena habari za taabu kwa jumla, kama mtu atabiriye mvua. Hakujua wala hakuuliza taabu ya Hetty yaweza kuwa nini, ikiwa na jina gani na kofia gani. Msichana alisikia tishio, hakusikia msaada.

Hata hivyo neno lile la nusu halikupotea, na hapa twaona nguvu ya kunena. Hetty aliposhikwa alionekana na kijitabu chekundu cha mfukoni. Mwanzoni mliandikwa jina lake mwenyewe, na karibu na mwisho, jina la Dinah Morris wa Snowfield. Katika safari yake yote, alipouza mapambo yake kwa mwenye nyumba ya wageni, alipokaa kando ya ziwa akitaka kujizamisha, alipolala katika kibanda cha kondoo na kuibusu mikono yake kwa furaha ya kuwa bado hai, alikuwa na kamba hiyo moja. Aliitupiwa vibaya, lakini alitupiwa. Na mwishoni Dinah ndiye aliyeingia gerezani. Kama neno moja lililosemwa bila kujua lilifaa hivyo, lingalifaaje neno lililosemwa kwa kujua?

Sasa hatuna budi kufika katika neno gumu. Huenda mtu akasema, "Mnamtetea Hetty, lakini mtoto amekufa." Swali hilo ni la haki, wala hatutaki kulikwepa. Mtoto yule ndiye asiye na kosa kuliko wote katika kitabu, naye hakupewa hata jina. Huruma yo yote kwa Hetty inayomsahau mtoto ni huruma ya bei rahisi, na George Eliot hatuachii nafasi ya kuipata. Kilio cha mtoto kiko pale.

Lakini tuangalie kilio hicho kilifanya nini. Katika sura ya 45, gerezani, Hetty aliyenyamaza mbele ya hakimu, aliyekataa hata kukiri ya kuwa alizaa, afungua kinywa kwa Dinah katika giza. Asimulia ya kuwa hakumfunika mtoto kabisa, akifikiri labda mtu atapita na kumtwaa. Alikwenda zake, akasikia kilio. Alikwenda mbali, akakisikia hata huko. Hakuweza kuendelea, akarudi. Alipofika mtoto hakuwapo, maana alikuwa ameonekana na kuchukuliwa, amekwisha kufa. Walipokuja kumshika alikuwa bado papo hapo. Msichana ambaye Bibi Poyser alisema ana moyo wa kokoto ndiye aliyerudi. Kama angalikuwa hivyo alivyosemwa, angalikwenda zake, wala hakuna mtu angalimjua. Alishikwa kwa sababu alirudi.

Hapa ndipo tumwekeapo mtungaji hoja yetu. Katika nusu ya kwanza ya kitabu George Eliot ni mkali kwa Hetty, mkali kuliko kwa mtu mwingine ye yote. Amfananisha na paka mdogo, na kifaranga cha bata, na mmea usio na mizizi, ambao waweza kung'olewa mahali pake na kuwekwa po pote nao usijali. Kila amtajapo hutukumbusha ya kuwa kichwani mwake hamna kitu. Na huyu ni mwandishi ambaye katika sura ya 17 aisimamisha hadithi ili atufundishe kuwapenda watu wa kawaida, wasio wazuri wala wenye akili nyingi! Upendo huo wawafikia wazee wenye mikono migumu na Kasisi mwenye udhaifu wake. Wamfikia hata Arthur, ambaye mawazo yake yote twaonyeshwa kwa subira, hatua kwa hatua, mpaka twamwelewa na karibu twamsamehe. Hetty twamtazama kwa nje, kama wale wanaume wamtazamavyo, isipokuwa wao humsifu na mtungaji humdharau.

Twajua ya kuwa mtungaji mwenyewe hakuwa mgeni wa aibu. Tangu mwaka 1854 aliishi na George Henry Lewes, mtu aliyekuwa na mke ambaye sheria haikumruhusu kumwacha. Na kaka yake aliposikia habari hiyo alikata udugu naye. Ungetazamia mwanamke wa namna hiyo amfunike Hetty kwa nguo yake. Labda aliogopa kuonekana anamtetea. Hatuwezi kuuhukumu moyo wake. Lakini tukifika katika safari ya Hetty, sura ya 36 na ya 37, mkono wake wabadilika. Dharau yaanguka. Yuko barabarani na Hetty, katika baridi ya Februari, ahesabu naye shilingi zilizosalia, aona naye haya kuombaomba. Na gerezani amwachia aseme mwenyewe. Hadithi ilijua jambo ambalo mtungaji alipoanza hakulijua, au hakutaka kulijua: ya kuwa ndani ya msichana yule mlikuwa na mtu.

Kwa hiyo kosa la mwisho latuumiza zaidi. Baada ya hati ya kuokolewa kufika, Hetty atoweka. Sehemu ya sita ya kitabu yahusu mapenzi ya Adam na Dinah, nayo ni mazuri, na mavuno, na harusi. Katika maneno ya mwisho, mwaka 1807, Arthur arudi nyumbani, hali afya yake imedhoofika, na Adam ampokea kwa upendo. Hetty naye alikuwa arudi, akafa njiani. Habari hiyo yasemwa kwa sentensi moja, kwa kinywa cha mtu mwingine. Yule mwenye elimu apata kutubu, kuzeeka kidogo, na kuwashika mikono rafiki zake. Yule asiyekuwa nayo apata kufa nje ya ukurasa. Hatusemi ya kuwa mambo hayakuwa hivyo duniani. Yalikuwa hivyo, na pengine yako hivyo. Twasema ya kuwa mwandishi aliyetufundisha kumsikiliza Hetty usiku mmoja gerezani alikuwa na deni la kumsikiliza mara moja tena.

Hata mjomba wake alishindwa. Martin Poyser ni mtu mwema. Lakini aibu ilipoingia nyumbani mwake alisema ya kuwa atatoa fedha za kumtetea, wala hatamkaribia. Mkewe, mwenye ulimi mkali, ndiye aliyekuwa mpole kuliko yeye siku ile. Wasomaji wetu wengi wamewaona watu wa namna zote mbili katika vijiji vyao, na huenda wameshangaa kama sisi kuona ni nani apoaye na ni nani awaye mgumu jambo lenyewe lifikapo.

Basi, kitabu hiki kisomwe vipi na vijana? Sisi hatupendi kisomwe kama onyo kwa wasichana peke yao. Mwalimu afanyaye hivyo arudia kosa la Kasisi Irwine, maana awakemea wasiokuwapo mezani na kuwastahi waliopo. Wavulana walio darasani ndio Arthur na Adam wa kesho, na yeye mwenyewe mwalimu ni Bartle Massey au Kasisi, apende asipende. Asome nao sura tatu: ile ya vyumba viwili, ile ya chakula cha asubuhi, na ile ya gereza. Kila sura iishapo aulize swali moja tu: Ni nani hapa aliyekuwa na neno la kumsaidia Hetty, na kwa nini hakulisema? Majibu yatakuja: kwa haya, kwa adabu, kwa kustahi cheo, kwa raha yake, kwa kutojua. Hakuna jibu hata moja kati ya hayo ambalo halimo katika kijiji cha darasa lenyewe.

Na kuna jambo la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Dinah alipoingia gerezani hakuanza kwa mahubiri. Alimkumbatia yule msichana, akakaa naye gizani, akangoja. Maneno ya toba yalikuja baadaye, yakaja kwa kinywa cha Hetty, na mara baada yake lilikuja swali: kama Mungu ataiondoa sauti ya kilio kile na mahali pale msituni, sasa kwa kuwa amesema yote. Hilo ndilo swali la kwanza la kweli tunalomsikia Hetty akimwuliza mtu katika kitabu kizima, naye aliliuliza usiku ambao alidhani ana siku chache tu za kuishi. Tangu chumba cha maziwa hata gereza hakuna aliyempa nafasi ya kuuliza lo lote.

Tulianza na silabi moja, na twaweza kulijibu swali letu. Hetty alidanganyika kwa sababu wenye kweli walinyamaza. Akaharibiwa na mmoja kwa tendo, na wengi kwa kimya. Mtoto wake alikufa kwa mkono wake, na hilo hata yeye hakulikana mwishoni. Msichana wa namna yake akiletwa mbele ya baraza ya kanisa au ya shule, na mtu akisimama kusema kwamba ameharibika, twawaomba wasomaji wetu wasiiache sentensi hiyo ipite kabla ya kuuliza mambo mawili: na nani, na sisi tulikuwa wapi.